Majalada ya Majarida Yaliyochorwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakusanyaji

Jalada lililochapishwa kwa mamilioni linawezaje kuitwa sanaa?

Kwa sababu mchoraji alilichora akijua fika kwamba litachapishwa. Aliacha nafasi ya jina la jarida juu, akapima jinsi rangi zitakavyotoka mashineni, akapanga mchoro usomeke hata kwa mtu anayepita mbele ya kibanda cha magazeti. Kazi iliyokamilika ni ile chapa. Mchoro wa awali ni kitu kingine, tena chenye soko lake: mchoro wa rangi za mafuta wa Norman Rockwell uitwao Saying Grace, uliotoka kwenye jalada la The Saturday Evening Post, jarida la kila wiki la Marekani, la Novemba 1951, uliuzwa kwa dola milioni 46 mwaka 2013. Toleo lenyewe la wiki ile hupatikana kwa bei ya mlo. Anayekusanya majalada anakusanya chapa, kwa hiyo macho yake yawe kwenye wino na karatasi.

Nianzie wapi? Majarida ni mengi mno.

Weka mpaka kabla hujanunua la pili. Mpaka unaweza kuwa mchoraji mmoja, jarida moja, muongo mmoja au mada moja: treni, paka, mvua, michezo. Mpaka mzuri kuliko yote ni ule wenye mwisho. J. C. Leyendecker, kwa mfano, alichora mtoto mchanga wa mwaka mpya kwenye jalada la The Saturday Evening Post kila mwaka, kuanzia toleo la mwisho wa 1906 hadi 1943. Hiyo ni seti inayoweza kutimia. Ukisema unataka Leyendecker wote wa jarida hilo, umejitwika zaidi ya majalada 300, na Rockwell naye ana idadi kama hiyo.

Anayependa mitindo ya mavazi atamtafuta Erté, aliyechora zaidi ya majalada 200 ya Harper's Bazar kati ya 1915 na 1936. Angalia tahajia: jina lilikuwa na "a" moja baada ya "z" hadi 1929, ndipo likawa Bazaar. Ni njia ya haraka ya kujua umri wa toleo ambalo tarehe yake imechanika.

Wanaopenda mchoro usiobanwa na maandishi huishia kwa The New Yorker. Jalada lake la kwanza, la tarehe 21 Februari 1925, lilichorwa na Rea Irvin, na tangu hapo jarida hilo limeuachia mchoro karibu ukurasa wote: jina, tarehe, bei na ule ukanda wa rangi ulio kushoto, basi. Wajerumani walikuwa na Jugend na Simplicissimus, yote mawili ya München, yote mawili ya 1896; Jugend ilithubutu hata kubadilisha michoro ya herufi za jina lake toleo kwa toleo. La Domenica del Corriere ya Milano, iliyoanza 1899, ina jambo moja la kumfurahisha mkusanyaji: ina mchoro wa rangi mbele na nyuma, na kwa zaidi ya miaka 40 mkono ulikuwa ni wa Achille Beltrame. The Crisis, jarida la Wamarekani Weusi lililoanza 1910, lilitoa majalada ya Aaron Douglas yenye vivuli vya watu vilivyochorwa kwa mistari mikali. Na kwa hadithi za kutisha kuna Weird Tales ya miaka ya 1930, ambayo majalada yake mengi yalichorwa kwa chaki za rangi na Margaret Brundage.

Kumbuka pia zama zilipobadilika. Vogue ilitoa jalada lake la kwanza la picha ya rangi ya kamera mnamo Julai 1932, picha ya Edward Steichen. Mabadiliko yalienda polepole, lakini kufikia miaka ya 1960 jarida kubwa la kila wiki lenye jalada la kuchorwa lilikuwa limebaki jambo la wachache.

Ninunue jarida zima au jalada lililokatwa?

Jarida zima, ukiweza. Jalada lililo mahali pake linabeba ushahidi wake lenyewe: tarehe ndani, namba ya toleo, pengine jina la mchoraji, jalada la nyuma lililo karatasi ileile moja iliyokunjwa. Likikatwa, ushahidi huo hupotea na thamani hushuka, na hakuna wa kuurudisha.

Majalada yaliyokatwa si ya kudharauliwa, hata hivyo. Majarida mengi yaliharibiwa zamani na wauzaji waliochomoa matangazo ya magari na vinywaji ili wayauze moja moja. Jalada lililosalia katika mauaji hayo ni njia rahisi ya kuanza, na kwa kuning'iniza ukutani ni rahisi zaidi kuliko jarida zima. Tunalopinga ni kuchukua nakala nzima, safi, na kuitia wembe kwa sababu ya fremu. Fremu ya jarida zima ipo; tutaieleza chini.

Nitajuaje kama jalada ni la wakati wake na si chapa mpya?

Nunua kioo cha kukuzia cha mara 10, kile kidogo cha masonara. Ni kifaa cha kwanza, kabla ya fremu, kabla ya sanduku.

Weka kioo juu ya uso wa mtu katika mchoro. Chapa ya rangi nne ya karne ya 20 huonyesha vitone vya samawati, majenta, manjano na nyeusi vilivyopangwa kwa pembe tofauti, vikikutana katika vifungu vidogo mfano wa petali za ua. Sasa sogeza kioo hadi kwenye herufi za jina la jarida, au kwenye bei iliyoandikwa kona. Hapa ndipo ukweli hujitokeza. Katika nakala ya asili herufi hizo mara nyingi zilichapwa kwa wino mmoja uliojaa, kingo zake zikiwa kali. Katika chapa mpya, aliyeichapa alipiga picha nakala nzee pamoja na herufi zake, kwa hiyo herufi nazo zimevunjika kuwa vitone na kingo zina ukungu. Ukiona vitone vilivyotapakaa bila mpangilio wowote, kama vumbi, hiyo ni printa ya wino ya nyumbani au ya ofisini.

Angalizo: chapa nyingine za zamani zina vitone kila mahali hata kwenye herufi, hasa pale mchoraji alipochora herufi mwenyewe. Usihukumu kwa ishara moja.

Geuza karatasi. Nyuma ya jalada la asili kuna tangazo au maandishi. Nyuma tupu ni ya bango. Kisha pima. The Saturday Evening Post ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ni takribani sentimita 28 kwa 35, na majarida ya hadithi ya bei rahisi ni takribani 18 kwa 25. Nakala ndogo isivyo kawaida ina sababu, na si lazima iwe bandia: wakati wa Vita vya Pili The New Yorker na Time walitoa matoleo madogo kwa ajili ya wanajeshi, na hayo ni ya kweli kabisa.

Tochi ya mwanga wa urujuanimno husaidia. Karatasi za kuanzia miaka ya 1950 hivi nyingi zina kemikali za kung'arisha weupe, na chini ya tochi hiyo hutoa mwanga wa bluu mkali gizani. Jalada linalodaiwa ni la 1925 likiwaka hivyo, lirudishe.

Historia ya rangi nayo ni shahidi. Jalada la kwanza la The Saturday Evening Post kuchapwa kwa rangi nne ni la tarehe 6 Februari 1926, la Rockwell. Kabla ya hapo kawaida yake ilikuwa nyeusi na nyekundu. Rockwell wa 1919 mwenye anga ya bluu na majani ya kijani ana mengi ya kueleza.

Nimwulize muuzaji nini kabla ya kulipa?

Maneno "hali nzuri" hayana kipimo; kila muuzaji ana yake. Omba picha ya mbele, ya nyuma, ya mgongo, na ya kurasa za kati zikionyesha pini. Kisha uliza: vipimo kwa milimita, kurasa zote zipo, kuna kuponi iliyokatwa, kuna harufu ya ukungu, kuna selotepu popote, kuna lebo ya anwani, jalada limeshika pini zote au limechomoka?

Swali la vipimo lina sababu yake. Maktaba nyingi zilikuwa zikishona majarida ya mwaka mzima pamoja na kuyatia jalada gumu, na mashine ya jalada gumu hupunguza kingo tatu kwa milimita kadhaa. Wauzaji huyafumua majuzuu hayo na kuuza toleo moja moja. Dalili ni mstari wa matundu ya sindano kando ya ukingo wa kushoto, mabaki ya gundi ngumu mgongoni, muhuri wa maktaba, na sahihi ya mchoraji iliyoliwa nusu ukingoni. Rangi za nakala hizi huwa nzuri ajabu, maana ziliishi gizani, kwa hiyo zina mnunuzi wake. Ila zisiuzwe kwa bei ya nakala kamili.

Kwa majarida ya hadithi ya bei rahisi, tazama kingo. Jalada lilikuwa pana kuliko kurasa za ndani, likatokeza nje bila cha kuliegemeza, likachanika na kukunjika. Nakala yenye kingo zilizonyooka sana huenda imepunguzwa kwa mkasi ili kuficha uchakavu. Pima.

Lebo ya anwani nibandue?

Iache. Nakala za waliolipia kwa mwaka zilitumwa na lebo, za vibandani hazikuwa nayo, ndiyo maana za vibandani huuzwa ghali zaidi. Gundi za lebo zilitofautiana: za wanga hulainika kwa maji, na maji huharibu karatasi yenye mng'ao, nyingine huyeyuka kwa kemikali zinazoweza kuyeyusha wino pia. Matokeo ya kawaida ya kubandua ni pengo jeupe lenye manyoya, ambalo ni baya kuliko lebo.

Tena lebo ina faida moja ambayo wachache huitazama. Pale ilipoanguka yenyewe, rangi iliyokuwa chini yake haikupigwa na mwanga. Linganisha sehemu hiyo na iliyoizunguka, utajua jalada limepauka kiasi gani.

Ukionyesha nakala hadharani, ziba jina na anwani ya mtu iliyomo.

Hakuna sahihi. Nitamjuaje mchoraji?

Tafuta upya, kwa kioo. Wachoraji walificha sahihi ndani ya nyasi, kwenye mkunjo wa nguo, pembeni mwa kiti. Wengine waliweka herufi za mwanzo tu ndani ya mraba. Usipopata, fungua ukurasa wa yaliyomo au ule wenye majina ya wahariri. Majarida mengi yalitaja aliyechora jalada hapo kwa herufi ndogo. Usimtaje mchoraji kwa kufananisha mtindo tu. Waigaji wa Leyendecker walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa hodari.

Kwa nini karatasi inageuka kahawia na kukatika?

Kurasa za ndani mara nyingi ni za massa ya mbao yaliyosagwa, ambayo bado yana lignini, gundi asilia inayoshikanisha nyuzi za mti. Lignini ikikutana na hewa na mwanga hubadilika rangi, na asidi iliyomo hukata nyuzi za karatasi kidogo kidogo. Jalada lenyewe kwa kawaida ni karatasi bora iliyopakwa kaolini, udongo mweupe laini unaoipa mng'ao, kwa hiyo hudumu zaidi, lakini huambukizwa asidi na ukurasa unaoligusa. Huwezi kurudisha kilichoharibika. Unaweza kupunguza kasi, na njia zake ni ubaridi, ukavu wa kiasi, giza na vifungashio visivyo na asidi.

Niyahifadhi vipi?

Kila nakala iwe ndani ya mfuko wa poliesta safi wa unene wa mikroni 50 hadi 100, au wa polipropilini kama bajeti ni ndogo. Epuka plastiki ya PVC, ile laini yenye harufu kali ya dukani: hutoa asidi na hunata kwenye wino. Nyuma ya jarida weka kadibodi isiyo na asidi iliyotiwa kalsiamu kabonati, yenye pH ya kati ya 7.5 na 8.5. Kadibodi ya kawaida ya maboksi ni chanzo cha asidi, hata ikiwa nyeupe kwa juu.

Makubwa yalale chali ndani ya sanduku, marundo mafupi. Madogo yanaweza kusimama wima, mradi sanduku limejaa kiasi cha kuyashika. Yakiegemea, mgongo hupinda na haurudi. Joto la nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 35 hadi 50 ndiyo shabaha, lakini kwa anayeishi penye joto jambo la maana ni utulivu: unyevu unaopanda na kushuka kila siku huvuta karatasi na kuilegeza hadi pini zikate matundu yake. Basi sanduku lisiwe darini, lisiguse ukuta wa nje, na lisikae chini sakafuni.

Namba ya orodha iandike kwa penseli kwenye kadibodi, kamwe si kwenye jarida. Katika orodha weka jina, tarehe kama ilivyochapwa, juzuu na namba, mchoraji, vipimo, kasoro, ulikoipata na bei.

Vumbi, kutu, ukungu, wadudu?

Vumbi: brashi laini pana, ukitoka katikati kwenda ukingoni. Raba nyeupe ya vinili itumike kwenye pambizo tupu tu. Juu ya wino huacha doa linalong'aa.

Kutu ya pini: ikiwa imetulia, iache. Ikiwa inakula karatasi, fungua kurasa za kati, ingiza kipande chembamba cha plastiki chini ya meno ya pini, yainue yasimame wima, kisha toa pini kwa upande wa mgongo. Kuivuta kwa koleo kutoka nje kunapasua jalada kwenye mkunjo, mahali dhaifu kuliko pote. Badala yake shona kwa uzi wa kitani, matundu yaleyale. Ukiuza, sema umebadilisha pini.

Ukungu: tenga nakala mara moja, ikauke kwanza penye hewa inayopita, kisha ipigwe brashi nje ukiwa umevaa barakoa. Ukungu mbichi ukisuguliwa huingia ndani ya karatasi.

Wadudu: funga nakala ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, igandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima. Baada ya kuitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo mvuke utageuka matone ya maji juu ya karatasi baridi.

Na maji? Jarida la karatasi yenye mng'ao likilowa lisiachwe likauke limefungwa. Kaolini hugeuka gundi, kurasa zikawa tofali moja. Tenganisha kurasa likiwa bado bichi, au ligandishe hadi upate mtaalamu.

Nataka kulitundika ukutani. Nifanyeje?

Jalada moja la karatasi: lishikishwe juu kwa bawaba mbili za karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, kwenye kadibodi isiyo na asidi. Bawaba ziwe dhaifu kuliko jalada, ili fremu ikianguka zikatike zenyewe. Gundi ya kupuliza, gundi ya pande mbili na ubandikaji wa joto vyote havitoki tena.

Jarida zima: fremu yenye kina, na vishikizo vya poliesta kwenye kona nne, bila gundi yoyote. Jarida nene liwekewe pia kiegemeo chini, maana uzito wake hushuka polepole na kuvuta pini.

Katika hali zote mbili kioo cha fremu kisiguse wino. Kadibodi yenye dirisha, au vijiti vya pembeni, viache nafasi ya angalau milimita 3. Wino wa zamani kwenye karatasi ya mng'ao hunata kwenye kioo siku ya unyevu, na siku utakapofungua fremu, uso wa mchoro utabaki kwenye kioo.

Kioo cha kuchuja urujuanimno kinafaa, ila wauzaji hukisifu kupita kiasi. Hakizuii mwanga wa kawaida, nao pia hupausha. Manjano na majenta hutangulia kuondoka. Jalada lililokaa miaka mingi mbele ya dirisha hubaki bluu na kijivu. Majumba ya makumbusho huweka mwanga hafifu wa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) juu ya karatasi, na hata hivyo hubadilisha kilichotundikwa. Fanya vivyo hivyo: miezi mitatu ukutani, kisha sandukuni, lingine lichukue zamu. Fremu moja ya kipimo cha jarida lako inatosha mkusanyo mzima.

Vipi kulifunika kwa plastiki ya moto?

Hapana. Jalada lililofunikwa hivyo si la kuuzika wala la kutengenezeka.

Ninamiliki jalada. Naweza kuchapa mabango yake na kuuza?

Kumiliki karatasi hakukupi haki ya mchoro. Nchini Marekani kazi iliyochapishwa kabla ya 1978 inaweza kulindwa kwa miaka 95 tangu ichapishwe, na hufunguka tarehe 1 Januari ya mwaka unaofuata. Nyingine za kabla ya 1964 zilikosa kuhuishwa hakimiliki zikawa huru mapema, lakini hilo huthibitishwa toleo kwa toleo. Hata kuiga bila kunakili kuna hatari: jalada la Saul Steinberg la The New Yorker la tarehe 29 Machi 1976, linaloonyesha dunia kama inavyoonekana kutoka 9th Avenue, liliigwa kwenye bango la filamu, na mwaka 1987 mahakama ya New York ikaamua kwamba Columbia Pictures walikiuka haki yake.

Kwa kumbukumbu zako mwenyewe, skani kwa nukta 400 kwa inchi, au 600 ukitaka vitone vionekane, na uzime kichujio cha kulainisha vitone. Picha ikionyesha mawimbi ya ajabu kwenye skrini, ni vitone vinavyogongana na pikseli. Ikuze hadi asilimia 100 nayo yatatoweka. Jarida nene usilikandamize chini ya kifuniko cha skana. Lipige picha kwa kamera kutoka juu, taa mbili pembeni kwa nyuzi 45.

Nitalitumaje kwa posta?

Bapa, kamwe si kwa kuviringisha. Karatasi ya mng'ao hupasuka mistari. Liweke kwenye mfuko wake, kisha mfuko wa pili usiopitisha maji, kisha katikati ya kadibodi mbili ngumu zinazozidi jarida sentimita 3 kila upande, mistari ya ndani ya moja ikiwa wima na ya nyingine mlalo ili zisipinde kwa pamoja. Gundisha mfuko wa nje kwenye kadibodi moja ili jarida lisiteleze hadi ukingoni, maana kona ndizo hufika zimevunjika. Selotepu isikaribie mdomo wa mfuko wa ndani: mpokeaji akilivuta jarida nje, jalada hunasa kwenye utepe huo na kuchunika.